Laktati, misuli na ubongo: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kila Jumamosi asubuhi, kikundi chetu cha mazoezi hapa Moshi kikimaliza mzunguko wa mwisho, watu hukaa kwenye nyasi, chupa za maji hupita mkono kwa mkono, na maswali huanza. Mengi hurudi pale pale: mwili unapata wapi nguvu, na jambo hilo linahusianaje na akili na kumbukumbu. Nimeyakusanya hapa. Majibu yangu yanamzunguka zaidi mtafiti mmoja, George Brooks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa sababu kazi yake ndiyo iliyonifanya niutazame upya mguu unaochoka.

Huyo Brooks ni nani hasa?

Ni mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi, yaani elimu ya yale yanayotokea ndani ya mwili mtu anapotembea, anapokimbia au anapobeba mzigo. Alipokuwa kijana alikuwa mkimbiaji wa chuo huko New York, na kama wakimbiaji wote wa zama zake aliambiwa kwamba kinachomlegeza miguu ni asidi ya laktiki. Wengi wetu tulipoambiwa hivyo tuliitikia kwa kichwa tukaendelea na safari. Yeye aliifuata hiyo asidi maisha yake yote ya kazi.

Njia aliyotumia inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupeleka mfugo mnadani. Ukitaka kujua mbuzi wako ameishia kwa nani, unamfunga utepe mwekundu shingoni kabla hajachanganyika na wenzake. Brooks na wanafunzi wake waliitia laktati, yaani ile asidi kwa umbo inalokuwa nalo ndani ya damu, alama, kwa kutumia atomi za kaboni zinazotambulika kwa vipimo, wakaiingiza kwenye damu, kwanza ya panya na baadaye ya watu waliokuwa wakiendesha baiskeli maabara, kisha wakaangalia ule utepe utatokea wapi. Ulitokea kwenye pumzi. Sehemu kubwa ya laktati, kama robo tatu hivi wakati wa mazoezi, ilikuwa imechomwa kama mafuta ya kuendeshea mwili na kutolewa kama hewa ya kaboni dayoksaidi.

Katikati ya miaka ya 1980 akaanza kuuelezea mfumo huo kama usafirishaji wa laktati: misuli inayofanya kazi kwa nguvu huitengeneza na kuimwaga kwenye damu, kisha moyo, misuli mingine, ini na ubongo huichota na kuitumia. Watu hawakumkubalia haraka. Ilichukua miongo.

Lakini shuleni tulifundishwa laktati ni uchafu unaochoma misuli. Walimu walikosea?

Walitufundisha kile walichofundishwa, na chanzo chake ni kazi ya heshima kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanasayansi walichukua misuli ya miguu ya chura aliyekufa, wakaisisimua kwa umeme ijikunje, ijikunje, mpaka ikagoma. Walipoipima wakakuta laktati imejaa. Otto Meyerhof wa Ujerumani na A. V. Hill wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi zao juu ya misuli, na picha iliyobaki vichwani mwa watu ikawa hii: oksijeni ikiisha, laktati hutokea, na laktati huleta uchovu.

Sasa mtazame tena yule chura. Mguu umekatwa. Hakuna damu inayopita, hakuna oksijeni, hakuna ini wala moyo wa kuichukua laktati. Ingeenda wapi? Lazima ijae pale pale ilipotengenezwa. Ndani ya mtu aliye hai, aliyejaa oksijeni tele, laktati hutengenezwa muda wote, hata sasa ukiwa umekaa unasoma. Mwili uliopumzika huzalisha zaidi ya gramu 100 kwa siku. Huioni kwa sababu inatumika kwa kasi ile ile inayotengenezwa.

Na niongeze hili: katika hali ya kawaida ya damu yetu, kilichopo ni laktati, wala si asidi ya laktiki kamili. Misuli inayofanya kazi kupita kiasi huwa kweli na asidi zaidi, na hilo lina mchango wake katika kule kuwaka unakokusikia mita za mwisho. Ila kuibebesha laktati lawama yote ni kumkamata shahidi ukamwacha mtuhumiwa.

Basi maumivu ya kesho yake yanatoka wapi?

Kwenye vijeraha vidogo sana vya nyuzi za misuli na uvimbe unaofuata wakati mwili unazikarabati. Laktati hurudi kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya kuacha kukimbia. Maumivu ya siku ya pili hayawezi kuwa yake. Wanaolipia kukandwa ili "kutoa asidi" wanapata raha ya kukandwa, na hiyo si haba, lakini asidi ilishaondoka zamani.

Ubongo unaingiaje hapa?

Hapa ndipo mimi hupenda kukaa muda mrefu.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4, asilimia 2 tu ya mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zote tunazotumia tukiwa tumetulia. Ni mlaji mkubwa asiye na ghala. Misuli na ini huweka akiba ya sukari kwa wingi. Ubongo una akiba kidogo mno, hivyo unategemea damu imletee chakula dakika kwa dakika. Ndiyo maana mtu wa kisukari sukari ikimshuka ghafla huchanganyikiwa kabla hata miguu haijamwishia nguvu.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba chakula hicho ni glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, peke yake. Mwaka 1994 Luc Pellerin na Pierre Magistretti, wakiwa Lausanne, Uswisi, walipendekeza jambo jingine: kwamba ndani ya ubongo kuna seli za kuhudumia, ziitwazo astrositi, zinazochukua glukosi, kuigeuza kuwa laktati, na kuwapakulia majirani zao neuroni, zile seli zinazofikiri na kukumbuka. Ni kama mama wa nyumbani anayemenya, anakata, anapika, kisha anawapakulia wanaorudi shambani. Wazo hilo bado lina wapinzani wenye hoja nzito kuhusu kiasi cha chakula kinachopita njia hiyo. Ila kwamba ubongo hutumia laktati, hilo limepimwa kwa watu.

Na laktati ya nje nayo inaingia. Ukuta unaotenganisha damu na ubongo una milango yake, protini maalumu zinazoivusha laktati. Ukipumzika, kiwango cha laktati kwenye damu ni kama milimoli 1 kwa lita. Ukipanda mlima kwa kasi kinaweza kufika 10 au zaidi. Kadiri kinavyopanda, ndivyo ubongo unavyochota zaidi na kupunguza kula glukosi. Yaani mguu unaohema kwa kazi unaulisha ubongo. Nilipolielewa jambo hili mara ya kwanza niliufunga ukurasa, nikatoka nje kutembea.

Tena laktati ni zaidi ya chakula, kwa maana ni ujumbe pia. Mwaka 2017 watafiti wa Oslo walionyesha kwa panya kwamba laktati hugonga kipokezi fulani kwenye mishipa ya damu ya ubongo na kuchochea mishipa mipya kuota. Mwaka 2019 kundi la watafiti wa Lebanon lilionyesha, kwa panya pia, kwamba laktati inayotoka kwenye mazoezi huchochea hipokampasi kutengeneza zaidi ile protini ya BDNF inayosaidia seli za ubongo kukua na kushikana. Hipokampasi ni sehemu ndogo iliyojikunja ndani kabisa, ndiyo inayoandika kumbukumbu mpya: ulipoweka funguo, jina la mgeni wa jana. Ugonjwa wa Alzheimer, unaomfanya mtu apoteze kumbukumbu, huigusa mapema.

Hao ni panya. Kwa watu je?

Swali zuri, na wanaouza virutubisho hawapendi kuulizwa.

Jaribio ninalolitaja zaidi lilichapishwa mwaka 2011, likiongozwa na Kirk Erickson na Arthur Kramer, Marekani. Wazee 120 wenye afya ya akili, waliokuwa hawafanyi mazoezi, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilitembea mara 3 kwa wiki, likapandishwa taratibu mpaka dakika 40 kwa siku. La pili lilifanya kunyoosha viungo tu. Baada ya mwaka mmoja, hipokampasi ya waliotembea ilikuwa imeongezeka kama asilimia 2. Ya wale wengine ilikuwa imepungua kidogo, kama ilivyo kawaida ya umri. Kutembea tu, bila mashine wala dawa. Mafungu yote mawili yalifanya vizuri zaidi kidogo kwenye mtihani wa kumbukumbu, kwa hiyo tusilitie chumvi.

Kuna na upande wa pili, nao lazima usemwe. Mwaka 2018 Uingereza ilitoa matokeo ya jaribio la watu 494 ambao tayari walikuwa na demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ya kiwango cha chini hadi cha kati. Walipewa mazoezi mazito ya pumzi na ya nguvu kwa miezi kadhaa. Miili yao iliimarika. Akili haikupunguza kasi ya kushuka. Ndiyo maana mtu akiniambia "mzee wangu ameshaanza kupotea njia, nimkimbize apone", namjibu kwa upole kwamba mazoezi yatamsaidia moyo, usingizi na miguu, lakini asiahidiwe kurudishiwa kilichoondoka. Thamani kubwa iko kabla, miaka mingi kabla.

Kisukari kinahusika?

Sana. Kisukari cha aina ya pili huongeza hatari ya demensia, na misuli iko katikati ya habari hiyo kwa sababu ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya sukari ya mlo. Misuli ikijikunja hufungua milango yake ya glukosi hata bila kungoja insulini, ile homoni inayoiruhusu sukari kuingia. Kwa mtu ambaye insulini yake haisikilizwi tena na mwili, huo ni mlango wa uani ambao bado uko wazi. Robo saa ya kutembea baada ya ugali wa mchana inaonekana kwenye kipimo cha sukari cha kidole.

Mwaka 2024 Brooks na wenzake walichapisha jambo lililowashangaza hata wazoefu. Waliwapa watu wenye afya gramu 75 za glukosi wanywe, kipimo kile kile cha hospitali cha kuchunguza kisukari, wakiwa wamekaa tu. Ndani ya dakika 5 laktati ilikuwa imeshapanda kwenye damu, glukosi yenyewe ikiwa bado njiani. Maana yake mwili hugeuza sehemu ya wanga kuwa laktati tangu kwenye utumbo, na kuisambaza hivyo. Tulikuwa tunaiita taka ya wakimbiaji, kumbe iko kwenye kila mlo.

Nikinywa mtindi napata laktati ya ubongo? Maana una asidi ya laktiki.

Kunywa mtindi, ni chakula kizuri. Ila bilauri moja ina gramu 2 au 3 hivi za asidi hiyo, na nimeshasema mwili wako hutengeneza zaidi ya 100 kwa siku ukiwa umekaa. Ukipanda ngazi kwa haraka umeshaupita mtindi.

Je, mazoezi yatanipunguzia kitambi?

Kidogo, na pengine chini ya unavyotarajia. Jibu lake lilitoka hapa hapa kwetu. Herman Pontzer na wenzake walikwenda kwa Wahadza, jamii ya wawindaji karibu na Ziwa Eyasi, wakapima nguvu wanazotumia kwa siku nzima kwa njia ya maji yenye alama. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Wahadza hutembea mno: wanaume kufuata wanyama na asali, wanawake kuchimba mizizi. Pamoja na hayo, ukizingatia ukubwa wa mwili, jumla ya nguvu zao za siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Mwili unapofanya kazi zaidi, hubana matumizi kwingine.

Wengine husikia hayo wakakata tamaa. Mimi husikia kinyume chake. Mwaka 2017 David Raichlen, Pontzer na wenzao waliwavalisha Wahadza vipimo vya mapigo ya moyo, wakakuta wanafanya kazi ya kuhema kwa wastani wa zaidi ya saa 2 kwa siku, wazee wakiwemo, na presha zao ziko chini. Mizani si kipimo pekee cha faida. Mishipa inayobaki laini ndiyo hiyo hiyo inayopeleka damu kichwani.

Wakimbiaji wa Iten, Kenya, wana laktati nyingi au kidogo?

Kidogo, kwa kasi ile ile. Bengt Saltin, mtaalamu wa Uswidi, alikuja Iten mwaka 1990 akiwa na wakimbiaji wa kwao kuwalinganisha na Wakenya. Wakikimbia kwa mwendo uliolingana, damu ya Wakenya ilionyesha laktati kidogo zaidi. Maabara ya Brooks ilishaonyesha kwa panya kwamba mazoezi ya muda mrefu huufundisha mwili kuitumia laktati kwa haraka zaidi. Mwili wa mwanamichezo aliyeiva ni kama jiko la mkaa lililowaka vizuri: unalilisha, linameza.

Huku kwetu ugonjwa wa kusahau upo kweli, au ni uzee tu?

Upo. Wilaya ya Hai, jirani zetu hapa Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kwa watu wa miaka 70 na kuendelea, na matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kiwango cha asilimia 6.4 baada ya kurekebisha kwa umri. Si cha wazungu peke yao, wala si uchawi, na jambo hilo la mwisho nalisema kwa uchungu, kwa kuwa nimeona bibi akifungiwa chumbani kwa sababu tu alikuwa akizungumza na marehemu dada yake.

Kuna kipimo kilichotengenezwa kutokana na kazi hiyo ya Hai ambacho nakipenda kwa hekima yake. Vipimo vingi vya kigeni humwambia mzee achore saa au aandike sentensi. Mzee ambaye hakuwahi kushika kalamu atashindwa, na atahesabiwa mgonjwa. Hiki cha Hai humpa njiti za kiberiti. Mpimaji anazipanga kwenye meza kwa umbo fulani, kisha anamwomba mzee alipange vile vile. Vidole vilivyopalilia kahawa miaka 50 vinaokota njiti moja moja, vinaigeuza kichwa chake, vinaiweka. Hapo unaona akili yenyewe, bila shule kuingia kati.

Uzee hupunguza kasi ya kukumbuka jina. Mtu anayepotea njia ya kwake, anayesahau jiko limewaka, anayeuliza jambo lile lile mara tano kabla chai haijapoa, huyo apelekwe hospitali. Wakati mwingine chanzo ni tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona au dawa anazotumia, na hayo yana tiba.

Kijana wetu alianguka na bodaboda, kichwa kikaumia. Laktati ingemsaidia?

Pole sana. Brooks na madaktari wa Los Angeles walifuatilia wagonjwa walioumia kichwa vibaya, wakagundua kwamba ubongo uliojeruhiwa, unaposhindwa kuitumia glukosi vizuri, bado hutumia laktati. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2015 na inatia matumaini, lakini bado si tiba unayoweza kuidai wodini. Kwa kijana wenu, fuateni daktari, na akipona asipande tena bila kofia ngumu. Jeraha la kichwa ni mojawapo ya mambo 14 ambayo tume ya jarida la Lancet, mwaka 2024, iliyataja kuwa yanaongeza hatari ya demensia na yanaweza kupunguzwa. Kutofanya mazoezi, presha, kisukari, upweke na kutosikia vizuri yamo pia. Kwa hesabu ya tume hiyo, kama yote 14 yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya demensia ingezuilika au kucheleweshwa.

Nifanye kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokufanya uheme lakini bado unaweza kuzungumza, na mazoezi ya nguvu siku 2. Waliofika miaka 65 waongeze mazoezi ya kusimama imara, kwa sababu kuanguka kunaua. Kulima, kutwanga na kubeba ndoo ya maji kupanda mteremko vyote vinahesabiwa.

Kuhusu hatua: uchunguzi wa Waingereza zaidi ya 78,000 uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta kwamba waliotembea karibu hatua 9,800 kwa siku walikuwa na hatari ya demensia iliyo nusu hivi, na hata hatua 3,800 zilihusishwa na robo pungufu. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi sababu. Huenda aliyeanza kuugua ndiye huacha kutembea. Ila kama huna muda wa hatua 9,800, usiache zile 3,800.

Na mara moja moja, kama moyo wako umeshapimwa na daktari hana pingamizi, panda kilima kwa kasi mpaka maneno yakatike. Hapo ndipo laktati hupanda.

Mama yangu ana miaka 72, magoti yanamuuma, na anaona aibu kufanya mazoezi mbele ya watu. Nimwanzishe vipi?

Mpe shikamoo yangu. Usimwambie mazoezi. Mwombe akusindikize dukani. Siku ya kwanza dakika 10, mkipumzika anapotaka. Akikaa kitini, asimame na kukaa mara 5 bila kushika, akiwa anangoja chai. Hiyo ni kazi ya mapaja, na mapaja ndiyo misuli mikubwa kuliko yote. Magoti yenye maumivu ya kawaida hufaidika na mwendo wa taratibu; yakivimba na kuwa ya moto, apelekwe akaangaliwe kwanza. Waliotembea katika jaribio la Erickson walikuwa wa miaka 55 hadi 80, kwa hiyo hajachelewa.

Akishazoea, mlete Jumamosi. Wamama wa umri wake wako saba, wana mstari wao wa nyuma, wanatembea wakipiga soga na hakuna anayewahimiza. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa bado halijavuka mgongo wa mlima.